Kamba Iliyokuwa Kwangu

Mzungu aliyesimamia kazi katika kiwanda chetu cha nguzo, karibu na Kiganjo, alipofunga virago baada ya Uhuru, cheo chake nilipewa mimi. Tulitia nguzo za simu dawa nyeusi ili zisiliwe na mchwa. Dawa yenyewe ilikaa ndani ya tangi la chuma lenye kimo cha nyumba mbili. Kila asubuhi mtu alipanda juu, akafungua mfuniko na kupima kwa fimbo ndefu dawa iliyobaki. Mvuke wake ulichoma macho na kutia kizunguzungu, na huko juu hapakuwa na ukingo wowote. Kwa hiyo tulikuwa na mkanda wa kiunoni na kamba moja imara ya katani, na hakuna aliyeruhusiwa kupanda bila kujifunga.

Kamba hiyo niliichukua mimi. Nilikuwa nachimba kisima nyumbani, nikajiambia nitairudisha Jumatatu. Jumatatu tatu zikapita, watu wakipanda bila kujifunga.

Mpimaji alikuwa mzee wa kutoka Meru, mtu mpole aliyenizidi umri kwa mbali. Asubuhi moja ya Julai, katikati ya ukungu na manyunyu, alisimama chini ya ngazi.

"Mkubwa, leo huko juu inateleza sana. Kamba iko wapi?"

Wenzake walikuwa wakisikiliza. "Imepelekwa kutengenezwa," nikasema. "Ni dakika tano tu, mzee. Ama unaogopa?"

Walicheka. Yeye alinitazama kidogo, akapanda.

Nilisikia mfuniko ukifunguliwa, kisha kikohozi, kisha viatu vikikwaruza chuma. Aliangukia saruji kwa ubavu. Hakupiga kelele. Nilipomfikia alikuwa akivuta koti lake lifunike paja, kwa kuwa suruali ilikuwa imepasuka na watu walikuwa wanatazama.

Nyonga ilivunjika. Walipompeleka hospitali, mimi nilipanda baiskeli nikaenda nyumbani, nikaikunja kamba na kuja kuitundika stoo, ikiwa bado na matope. Meneja wa kampuni alipouliza, nikasema mzee ni mkaidi, alikataa kujifunga. Hata kwenye ripoti niliandika hivyo, kwa mkono wangu; wenzake hawakuulizwa.

Wiki iliyofuata nilienda kumwona, nikiwa na ndizi. Mkewe alinipa kiti chake, akanishukuru sana kwa kuja, akatoka kututafutia chai.

"Meneja alikuwa hapa jana," mzee akasema. "Ameuliza kama ni kweli nilikataa kamba. Nimemwambia ni kweli."

"Kwa nini, mzee?"

"Mimi hupita kwako nikienda kanisa. Niliiona hapo kwa kisima." Akafumba macho. "Wewe uko na watoto wadogo. Wangu wamekua."

Nilitaka kumwomba msamaha. Nilikuwa nimeshafungua mdomo mkewe aliporudi na vikombe, nikaanza kuzungumza habari za mvua.

Alirudi kazini baada ya miezi mingi, akitembelea mkongojo, akawekwa langoni. Kwa miaka minane alinifungulia lango. "Habari ya asubuhi, mkubwa," alisema kila siku, nami niliinama nikijifanya natazama mnyororo wa baiskeli.

Alipostaafu tulimfanyia karamu ndogo, na kwa kuwa nilikuwa mkubwa wake, hotuba nilitoa mimi. Nilimsifu kwa bidii na uvumilivu wake. Nilisema aliumia akiwa kazini, nikaruka haraka kwenda jambo lingine. Watu walipiga makofi, naye, ameketi pale mbele kando ya mkewe, akapiga pia.