Ndege Iliyokuja Kuchukua Ndiyo Zetu

Shule niliishia kidato cha pili, na hicho cha pili chenyewe sikukimaliza. Kwa hiyo siku dada mmoja kutoka Dar alipokuja stendi ya Morogoro, akasema anatafuta mtu anayejua abiria ili amsaidie kupanga safari za ndege, niligeuka nyuma nione anaongea na nani.

Alikuwa anaongea na mimi, mpiga debe wa mabasi. Kampuni yao ndogo ilitaka kujaribu ndege ya Morogoro kwenda Unguja, bila kuzungukia Dar. Abiria wakipatikana, njia inafunguliwa, na mimi nakuwa mtu wao wa huku, na sare juu. Nikamwambia mke wangu. Kesho yake alirudi kutoka sokoni na henga ya mbao ya kutundikia sare, akaiweka nyuma ya mlango. Ikawa inaningoja.

Kwanza tukazunguka kuuliza watu. Tulianzia mjini, tukaenda Bigwa, tukapanda mlimani kwa mama mmoja anayelima karoti za kuuzwa Unguja. Nikampa shikamoo yake, dada akapewa kigoda na ndizi, akauliza: ndege ikija, mtapanda?

"Tutapanda, mwanangu," mama akasema. "Kwa nini tusipande?"

Kote tulikopita jibu lilikuwa hilo. Hata babu mmoja ambaye miguu haimfikishi mjini alisema atapanda. Dada akaniuliza na mimi, nikasema mimi napanda hata sasa hivi. Alikuwa anabonyeza simu yake anatabasamu. Mimi nilikuwa nawaza henga.

Jioni, mgahawani, akanieleza ratiba kwa vizibo vya soda. Ndege ni moja. Asubuhi inatoka Dar hadi Dodoma, ikirudi inatua kwetu, inakwenda Unguja, inalala Dar. Nikauliza kwa nini isilale kwetu, watu waondoke alfajiri kama basi. Akasema fundi wake yuko Dar, alfajiri mawingu yanafunika mlima, halafu ndege ikikaa chini inakula hela. Nikamwuliza, kwani ikiwa juu haili? Akasema ikiwa juu inakula zaidi, ila inaleta. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Kizibo cha Unguja kikadondoka chini ya meza, na akili yangu ikakifuata hukohuko.

Baada ya hapo nikavalishwa fulana ya kampuni, nikapandishwa kwenye gari la matangazo na kipaza sauti, natangaza kwamba Unguja sasa ni jirani. Watu wakaniuliza kama itashusha Chalinze. Nikasema nitauliza.

Siku ya majaribio uwanja ulifurika. Ndege ikatua, vigelegele vikapigwa, rubani akazawadiwa kuku. Mama wa karoti alishuka mlimani na kitenge kipya na kikapu kimejaa. Dada akasimama kwenye ngazi ya ndege, anangoja abiria. Hakuna aliyesogea.

Nikamfuata mama. "Mama, si ulisema utapanda?"

"Nilisema."

"Sasa?"

"Mtoto wa watu kaacha kwao, kaja kwa miguu mpaka mlangoni kwangu, ananiuliza kwa adabu. Nimwambie sitaki? Nimemletea karoti, mpelekee."

Nikabeba kikapu hadi kwenye ngazi. Dada akatazama karoti, akatazama umati unaompungia mkono.

"Na wewe, kaka? Ulisema unapanda hata sasa hivi."

Mji mzima ulikuwa unanitazama. Nami nimelelewa na watu walewale.

"Napanda, dada."

Ukimwacha dada, tulikuwa abiria wawili, mimi na kikapu. Nilimwamkia rubani shikamoo ingawa ni mdogo wangu kabisa. Tulipokuwa juu nikatafuta bati la nyumba yangu, sikuliona. Mlima niliouamkia maisha yangu yote ulikuwa umekaa upande usio wake. Nikafumba macho, nikamwuliza dada: njia itafunguliwa?

Akachukua karoti moja, akaifuta vumbi kwa leso.

"Itafunguliwa, kaka," akasema taratibu. "Kwa nini isifunguliwe?"

Mambo ya vizibo sikuyaelewa, ila hilo nililielewa lote.

Nilirudi kwa boti na treni. Nyumbani nikavua fulana ya matangazo, nikaitundika kwenye ile henga. Mke wangu akaitazama, akauliza sare yenyewe inakuja lini.

"Inakuja," nikamwambia. "Kwa nini isije?"