Fundi Umeme na Nyaya za Moyoni

Tangu amzike mkewe, fundi umeme yule mzee hakutulia. Hata wodini alizunguka akiwasha na kuzima taa.

"Baba, keti basi! Utaunguza balbu za watu," binti yake alisema.

Daktari alieleza kwamba moyo wake umechoka, na umeme wake unachelewa kufika upande wa kushoto. Akikubali, atawekewa kifaa chenye nyaya.

"Mtazima wapi kwanza?" mzee aliuliza. Miaka arobaini hakugusa waya kabla ya kuzima swichi kubwa.

"Hatuzimi, mzee wangu. Tunaunga huku moyo unapiga."

"Fundi wangu angefanya hivyo, ningemfukuza!"

Binti alicheka, kisha machozi yakamlengalenga. "Mama ameshaniacha, baba."

Mzee aliiacha swichi, akapanda kitandani.

"Haya, ungeni. Ila mkaze vizuri."