Mkanda Uliofungwa Mgongoni

Dereva teksi aliyekuwa akinipeleka mji mdogo wa Mpemba kila wiki amefariki. Gari lake liligongana uso kwa uso na lori, nje kidogo ya Tunduma. Msibani nilikuta kesi imeshahukumiwa: "Mkanda ndio uliomuua. Umekutwa umefungwa, ulimng'ang'ania kitini." Kila aliyeingia alipewa habari hiyo, na mjane akaiamini. Mimi thubutu! Wasomaji wangu mnanijua, nashuku hata salamu. Nikawauliza waliomwokota, mlimkuta wapi? "Kwenye majani, mbele ya gari." Sasa mtu aliyeng'ang'aniwa kitini anafikaje kwenye majani?

Jibu nilikuwa nalo. Gari lake, kama mengi yaliyotoka Japani, lilikuwa na kengele: usipofunga mkanda linalia mpaka kero. Basi yeye aliuchomeka kwanza kiti kikiwa kitupu, kisha akaketi mbele yake, mkanda ukabaki mgongoni. Kengele kimya. Wenzake wakimpigia taa kwamba trafiki wako mbele, aliupitisha kichwani ukashuka kifuani. Tukishawapita, anaurudisha nyuma. "Kaka, huu ni wa kumnyamazishia Mjapani," aliniambia, nami nikacheka mpaka machozi. Madereva wengi wa mjini wanafanya hivyo hivyo, na wote wanajiona wajanja.

Siku ya kusafirisha mwili kwenda kuzikwa kijijini Isansa, nilimwona mjane ndani ya gari akimfungua binti yake mkanda. "Toa hicho kitu. Ndicho kilichomuua baba yako." Nilishtuka, jamani. Nikainama dirishani, nikamweleza yote, la kengele na la majani. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Shemeji, ulikuwa ukimwona anafanya hivyo?"

"Kila wiki."

"Ukamwambia nini?"

"Nilicheka."

Alimgeukia binti, akamfunga mkanda, akauvuta mara mbili kuhakikisha umeshika, ndipo akafunga wake. Gari likaondoka bila kuniaga, na sikumlaumu.

Tangu hapo nimekuwa msumbufu. Nikipanda gari, macho yangu kwanza ni mgongoni kwa dereva. Akiwa ameukalia mkanda, namwambia aufunge sawasawa au anishushe. Wananiita mnoko, wengine wanasonya. Wasonye tu. Nimeshamchekea mmoja, nikamzika.