Nzi wa Patipati

Kila ninapokata patipati kuukuu, yaani ndala, harufu ya mpira hunirudisha mtoni, chini ya shamba la majani chai. Baba na wavuvi wenzake walikuwa wakikutana huko kuonyeshana nzi wa bandia wa kunasia samaki aina ya trauti. Siku moja kila mtu aliweka wake kwenye beseni la maji aone kama ataelea, wa manyoya ya jogoo au wa uzi wa gunia, na wengi wakazama. Wangu akaelea.

"Hii sponji umetoa wapi, mama?" baba akaniuliza.

Nikaangalia kisigino cha patipati yake, pale nilipokuwa nimemega. Naye akaangalia. Nikangoja kofi.

Akavua zote mbili, akanipa.

"Basi wakatie wazee wote vipande."

Tulirudi nyumbani yeye akiwa miguu mitupu kwenye matope, akipiga mluzi.