Kocha Asiyehesabu Wachezaji

Kwa miaka minne nilimchukia kocha wa chuo cha Kajiado kwa moyo wangu wote. Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti Kitengela. Mwanangu alikuwa beki wa kushoto wa chuo cha kwetu, na kila tulipokutana na Kajiado tulirudi mikono mitupu. Mtu mwenyewe hakuwa na la kutisha: mfupi, kofia iliyopauka, viatu vya akala, vile vya matairi, hata siku ya fainali. Sisi mashabiki wa Kitengela tulimwita mchungaji, yaani wa ng'ombe, na hatukuwa tunamsifu.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba hakuwahesabu wachezaji wake. Kocha wetu alikuwa na daftari, akiita majina kabla ya basi kuondoka, na bado siku moja tulimsahau golikipa kwenye kituo cha mafuta. Yule wa Kajiado alisimama tu mlangoni mwa basi lao, akatupa jicho mara moja, akasema nani amekosekana. Siku moja nikamchokoza.

"Mzee, kwani wewe hujui kuhesabu?"

"Kwetu ng'ombe hazihesabiwi," akanijibu bila kukasirika. "Unaangalia tu. Ile haiko sawa, unaijua."

Tulicheka mpaka tukashikana mabega.

Fainali ilichezwa kwao, saa nane ya jua kali. Kwa kanuni za mashindano yale, sare iliwatosha wao, mabingwa watetezi, kubaki na kombe; sisi tulihitaji bao. Kipindi cha pili mwanangu aligongana kichwa na mchezaji wao, akainuka, akajipangusa vumbi, akatuonyesha dole gumba. Nikapiga makofi, nikarudi kumtukana refa.

Dakika za mwisho timu yetu nzima ilikuwa mbele. Tukapoteza mpira, na vijana watatu wa Kajiado wakafyatuka nao upande wa kulia. Langoni kwetu alibaki kipa peke yake. Nilijua tumekwisha. Hapo ndipo kocha wao alipotia vidole mdomoni akapiga mbinja, ile ya wachungaji, ndefu na kali. Wachezaji wake wakasimama pale pale walipokuwa. Mmoja alikuwa ameshainua mguu apige.

Refa hakuwa amepuliza kipenga. Mchezaji wetu akanyakua mpira ule wa bure, akaupeleka mbele, tukafunga. Bao likakubaliwa.

Sijawahi kushangilia vile maishani. Nilivua shati, nikambeba mtu nisiyemjua, nikaimba wimbo wa kumsimanga mchungaji. Nilipomtafuta kwa macho ili nimwimbie usoni, nikamwona ng'ambo ya uwanja, mbali na mpira, amepiga magoti. Kichwa cha mtu kilikuwa mapajani mwake naye anakikinga jua kwa ile kofia. Nikaona kamba za njano za viatu. Nilizinunua mimi.

Walionitangulia pale waliniambia mwanangu alikuwa amesimama tu, anayumba, na kocha wa Kajiado akamdaka kabla hajafika chini. Hakuwa mchezaji wake. Kati ya watu wote tuliokuwa pale, pamoja na kocha wetu na daftari lake, ni yeye tu aliyeona kwamba mmoja hayuko sawa, na akalitoa kombe bila hata kuligeukia. Wala hakukata rufaa. Mpaka leo nikiwaza mbinja ile, mwili unanisisimka.

Siku hizi akija Kitengela, anaposhuka kwenye basi tunasimama wote. Hakuna aliyetuamuru. Bado tunataka afungwe, hilo sikatai. Mimi humwendea na kumsalimu kwa lugha ya kwao, "Supa," naye ananijibu "Ipa," kisha anauliza kijana anaendeleaje. Kijana ni mzima.

Lakini siku ile ya fainali, hospitalini tulikompeleka, alipopata fahamu, swali lake la kwanza lilikuwa hili: "Baba, uliniona nikianguka?"

Nikamwambia ukweli. Nilikuwa nashangilia.