Talaka ya Taji

Niliachwa huku nacheka. Tena kicheko cha kweli, siyo cha kujikaza.

Mume wangu Thawin alikuwa mpiga ngoma wa nora, ule mchezo wetu wa kusini wa kucheza jukwaani, wenye kucha ndefu za chuma na mavazi ya shanga. Siku moja akasema anataka kuwa mchezaji kamili wa nora, avikwe taji.

Na kwetu Phatthalung mwenye mke havikwi taji hivi hivi. Anamwacha mkewe kwanza, anavikwa, halafu anamrudia. Bibi yangu aliachwa hivyo hivyo na akarudiwa.

"Siku tatu tu, mke wangu. Nikirudi nikute ule mchuzi wako wa samaki."

"Uchelewe uone!"

Tukaenda ofisi ya wilaya, tukasaini tunataniana. Karani akatuona vichaa.

Vazi nililitunga mwenyewe, ushanga kwa ushanga, mpaka macho yakaniuma. Kipimo alinipa yeye.

"Mbona mabega madogo? Utaingia humu wewe?"

"Likibana ndiyo linapendeza. Tunga bwana, maswali ya nini?"

Nikatunga. Mjinga mimi!

Mtalaka haonekani kwenye sherehe, basi nikabaki nyumbani. Siku ya tatu nikapika, nikajipaka na poda. Mchuzi ukapoa. Kesho yake simu haipatikani. Keshokutwa yake roho ikagoma, nikapanda pikipiki mpaka Songkhla kwa mwalimu wake, mzee Khlai, ambako sikuwahi kufika.

Nikakuta maua kila mahali, watu wanakula. Nikashusha pumzi. Kumbe sherehe haijaisha.

"Shikamoo mwalimu. Mimi ndiye Rampha, mke wa Thawin. Bado hajavikwa taji?"

Mzee akaacha kutafuna.

"Avikwe mara ngapi? Nilimvika mwenyewe akiwa kijana, hata hajakujua. Na mke gani tena? Si mmeachana? Karatasi nimeiona, na sahihi yako ipo."

"Sasa hii sherehe ya nini?"

"Anamuoa binti yangu."

Nikageuka. Jukwaani bibi harusi alikuwa anacheza, na vazi langu limemkaa sawasawa. Mabega yake madogo, jamani!

Thawin akanikimbilia, jasho linamtoka.

"Rampha, usinitie aibu. Si ulisaini mwenyewe? Tena ulikuwa unacheka."

Nikampita, nikapanda jukwaani, nikamkumbatia yule binti. "Hongera, mdogo wangu."

Uzi mkuu niliufunga mimi, chini ya kisogo. Nikaukata kwa meno.

Shanga zikamwagika jukwaa zima. Wageni wakaangua kicheko. Binti akapiga magoti, anazizoa huku analia.

"Dada, umefanya nini? Vazi hili alilitunga marehemu mama yake Thawin!"

Kumbe na yeye kadanganywa, na mimi nimemuaibisha siku ya harusi yake. Lakini sikumsaidia kuokota hata ushanga mmoja.

Marehemu mtunga vazi, ndiye mimi, akashuka jukwaani, akawasha pikipiki, akarudi nyumbani kumwaga mchuzi.

Dada zangu, talaka haina majaribio. Mwanamume akikuomba akuache kidogo tu, muulize kwanza hayo mabega ni ya nani.