Kinu cha Bulandina na Simba Aliyeacha Kula

Ukungu wa mlimani bado haujaondoka Kasese, na garimoshi la Kampala halijaanza kutoa moshi, lakini kinu cha Bulandina kimeshaanza kudunda nyuma ya nyumba ya marehemu Asuman. Mpita njia angedhani anatwanga sombe, majani ya muhogo ambayo katika nyumba nyingi za hapa ndiyo mboga ya kila siku. Ndani ya kinu mna nyama ya mbuzi.

Anatwanga mpaka nyama inalainika kama uji mzito. Anaongeza maji vuguvugu, anachovya kidole, anaonja. Kisha anabeba sufuria hadi kizimba cha mwisho, ambako simba jike aitwaye Munyu amelala, shavu lake la kushoto likiwa limevimba.

"Amuka, mama," anamwambia kwa sauti ya chini. "Leo ndiyo siku ya Baker."

Baker ni msaidizi wa bwana mifugo. Wiki iliyopita alisema kwamba akirudi leo na kumkuta Munyu bado hawezi kutafuna, atampiga risasi. Hakusema kwa ukali. Alisema kwamba mnyama hafugwi ili afe kwa njaa mbele ya watu.

Bulandina anafunga mwiko kwenye ncha ya mwanzi mrefu na kuupitisha kati ya vyuma. Munyu analamba mara chache, anafumba macho.

Ukiingia katika boma hili, kitu cha kwanza kuona si simba bali samaki. Asuman, aliyekuwa mchukuzi wa chumvi na samaki kati ya Katwe na Bwera, alijenga matangi ya saruji na kuyawekea vioo vya malori mabovu. Humo wamo ngege, kambare na kamongo mmoja mnene ambaye kila baada ya muda hupanda juu kuvuta pumzi, watoto wakapiga makelele. Wanyama walifuata baadaye, wengi wao yatima waliookotwa na madereva barabarani. Munyu mwenyewe, miaka minane iliyopita, aliletwa akiwa mdogo kama paka, juu ya magunia ya chumvi, na ndipo alipopata jina lake, maana munyu ni chumvi.

Boma lilianzia Bwera. Reli ilipofika Kasese mwaka 1956, Asuman alihamisha kila kitu, hata kamongo, akisema anayengoja garimoshi hana kazi ya kufanya na macho yake. Wasafiri hutoa senti hamsini kuingia. Asuman alifariki mwaka jana. Sasa boma liko chini ya mjane wake, Jamidah, na mwanawe Muniru.

Bulandina, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, anatoka Mahango, juu mlimani, na sasa anaishi Rukoki na mumewe Maate na watoto wao watano. Mshahara wake ni shilingi thelathini na tano kwa mwezi. Aliajiriwa kwa sababu moja ambayo Jamidah haifichi.

"Sisi ni Waislamu," anasema Jamidah. "Ng'ombe akifa bila kuchinjwa, hatumli. Lakini simba hana dini. Kwa hiyo wafugaji wakipata kibudu walituita, na Bulandina akaenda na panga na gunia. Yeye ni Mkristo, haoni kinyaa. Tuliona ni baraka: tulichoharamishiwa sisi, wanyama walishiba."

Ndivyo walivyokula Munyu na chui mmoja aliyeitwa Karani, kwa sababu ya madoa yake yaliyofanana na wino uliomwagika. Na kila mara Bulandina alikata kipande kidogo akakipeleka nyumbani. Jamidah alijua, akanyamaza.

Mwezi uliopita mfugaji mmoja, Blasio, aliwaita. Ng'ombe wake alikuwa mzima jioni, asubuhi akakutwa amekufa, amevimba tumbo. Blasio hakujua kilichomuua. Bulandina alimkata kama alivyokata wengine, akaweka kando kipande cha watoto.

"Nilikifunga kwa jani ya ndizi," anasimulia. "Ilikuwa nyama muzuri, ya paja. Nikafika hapa, nikapa Munyu, nikapa Karani. Karani akamaliza, akaniangalia. Ile siku alikuwa na njaa sana. Nikasema, basi, watoto yangu watakula maharage. Nikamurushia na ile ya kwangu."

Anafuta mikono kwenye leso.

"Siku ya tatu Karani alikuwa amekufa. Damu inatoka puani, haigandi."

Baker alipofika, alijua mara moja. Ni kimeta, ugonjwa unaoua ng'ombe na watu. Aliamuru mzoga uchomwe hapo hapo, bila kupasuliwa, na kizimba kisikanyagwe. Siku zile zile kidonda cheusi, kisicho na maumivu, kilimtokea Bulandina kwenye mkono wa kulia. Alichomwa sindano hospitalini hadi akapona. Kovu limebaki, jeusi na lenye shimo.

Munyu hakufa. Uso ulivimba, meno mawili ya kushoto yakaoza na kutoka, akaacha kula.

"Watu wananiambia nina bahati," anasema Bulandina. "Maate aliniambia, piga magoti, Mungu amekuokolea nyumba. Nilipiga. Lakini kile kipande kilikuwa cha watoto yangu. Karani ndiye alikikula."

Tangu siku hiyo kibudu hakiingii tena katika boma. Ni Jamidah aliyekataza. "Kitu ambacho siwezi kumpa mwanangu, sitampa mnyama aliyefungwa kwa kufuli langu," anasema. Muniru sasa huchinja mbuzi kwa Bismillahi, na nyama huenda kwa simba kwanza. Familia inakula maharage. Muniru anatania kwamba Munyu ndiye amesilimu.

Bulandina naye ana sharti lake: hatoi chakula asichokionja mwenyewe. Kwa ajili hiyo aliteremsha kinu chake kutoka nyumbani, kile alichopewa na mama yake alipoolewa.

Saa nne Baker anafika kwa baiskeli, nyuma yake askari mwenye bunduki. Wachukuzi wa stesheni, waliozoea kumtania Bulandina, wamejipanga kwenye ua.

"Mama Simba!" mmoja anapaza sauti. "Leo umemupikia nini? Umetia kitunguu?"

"Nyamaza wewe," mwenzake anamwambia. "Huoni bunduki?"

Bulandina anamwonyesha Baker sufuria ambayo sasa imelambwa hadi nusu. Baker anachungulia, anatikisa kichwa.

"Kulamba si kula, mama. Simba asiyetafuna amekwisha. Nipe nyama yenye mfupa, nione."

Mbuzi wa jana ameishia kinuni, hakuna mfupa uliobaki. Amebaki mbuzi mmoja tu, dume jeupe lililotunzwa kwa ajili ya Idi. Muniru anamtazama mama yake.

"Chinja," anasema Jamidah.

Paja linaletwa likiwa bado na joto. Bulandina analisukuma ndani kwa mwanzi. Munyu ananusa, anageuza uso ukutani. Askari anashusha bunduki begani.

"Ngoja," anasema Bulandina. "Hii sijaionja."

Analivuta paja nje kwa ndoana ya chuma, anakata kipande kidogo chembamba, na mbele ya vyuma anakiweka mdomoni, kibichi, na kukitafuna.

"Mama, una wazimu?" Baker anamaka.

Bulandina anaendelea kutafuna, machozi yakimlenga. Anameza. Anarudisha paja ndani, safari hii upande wa kulia, ambako meno ya Munyu yamebaki.

Munyu ananusa tena. Kisha anainuka, anaweka unyayo juu ya nyama, anainamisha kichwa upande mmoja. Mfupa unavunjika kwa mlio ambao kila mtu uani anausikia.

Baker anamwambia askari arudishe bunduki begani. "Ni njaa tu," anasema akiandaa baiskeli yake. "Msifikiri ni kitu kingine." Lakini kabla ya kuondoka anarudi kizimbani, anatazama tena.

Dereva mmoja amemwahidi Muniru mtoto wa chui kutoka ng'ambo ya mpaka. Muniru anamtaka. Bulandina amemwambia hapana, angalau si sasa. Kizimba cha Karani kimefungwa, na Baker amesema ugonjwa ule hukaa ardhini kwa miaka mingi.

Mipango yake si mikubwa. Munyu atatafuna upande mmoja, lakini si kila siku, kwa hiyo nyama nyingine bado itatwangwa. Anataka simba huyo aishi mpaka manyoya yake yageuke rangi, afe siku moja amelala juani.

"Afe kwa uzee," anasema. "Si kwa kitu ya mkono wangu."

Anakisuuza kinu kwa maji ya moto na kukifunika pembeni ya kizimba. Huko Rukoki, anasema, Maate humwuliza kila jioni sombe itarudi lini nyumbani.

"Namwambia angoje. Kinu iko na mutu anakula."